Jagi la Saba

Saa nne na dakika arobaini asubuhi, Mzee Ulimi aliirudisha glasi ya saba mezani, akaifunika kwa kiganja, akasema, "Hii siyo."

Waonjaji wenzake saba walishaanza kuandika sifa zao. Mmoja alikuwa amefika kwenye neno "maajabu", na sasa alikuwa analikata kwa siri. Hoteli ilikuwa imewaalika kuonja mvinyo mwekundu wa Lebanoni uliokomaa, wa shamba moja lakini wa miaka saba tofauti, kuanzia tisini na tisa kurudi nyuma mpaka sabini na mbili. Walikutana asubuhi kwa sababu watu wa kazi hii huonja kabla chakula hakijauchosha ulimi. Jagi la saba ndilo lililobeba ule wa sabini na mbili, kutoka chupa ya mwisho iliyokuwa stoo.

"Siyo kivipi, mzee wangu?" aliuliza Meneja, tabasamu likiwa bado limemganda usoni.

"Begi lipo. Tini zipo." Mzee Ulimi alinusa tena. "Lakini kabati halijafunguka."

Hakuna aliyeelewa. Upande wa pili wa meza kalamu ilianguka sakafuni. Ilikuwa ya Profesa, mwanafunzi wa zamani wa Mzee Ulimi, ambaye sasa alikuwa na miaka hamsini na mvi zake. Aliinama kuiokota, akachelewa kidogo kuinuka.

Mashaka yalikuwa na sababu. Miaka miwili nyuma, homa kali ilikuwa imempokonya Mzee Ulimi uwezo wa kunusa. Alirudi kazini akisema amepona, na watu wakamwitikia kwa heshima, kisha wakateta pembeni. Sasa palikuwa na mawili tu. Ama mzee amekwisha, ama chupa ya sabini na mbili imeibwa na kuwekewa kitu kingine. Meneja alichagua la pili upesi sana, kwa kuwa la kwanza lisingeweza kusemwa mbele za watu. Alimgeukia mwanamke aliyesimama ukutani na kitambaa cheupe begani.

"Ufunguo wa stoo anao mtu mmoja," alisema. "Dada Mshumaa, usitoke hotelini."

Akapekua mabegi ya wageni kutafuta chupa iliyofichwa, akakosa. Saa tano kasoro dakika tano akapiga simu polisi.

Inspekta aliyefika saa tano na dakika ishirini aliitwa na wenzake Mama Saa, kwa kuwa kwenye daftari lake aliandika saa kwanza, maneno baadaye. Kilevi hakijawahi kugusa midomo yake. Kwa kesi kama hii hilo lilimfanya ajione kama kiziwi aliyepelekwa kuamua ugomvi wa wanamuziki, lakini alipiga moyo konde akaingia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu. Samahani, usinielewe vibaya," alisema Mzee Ulimi kutoka mwisho wa chumba. "Umepaka mafuta mikononi, yana waridi ndani. Tafadhali kanawe, utatuharibia glasi."

Mama Saa alihesabu hatua kati yao. Zilikuwa kumi na moja. Mafuta alikuwa amejipaka saa moja asubuhi, na mume wake, aliyekunywa naye chai meza moja, hakuwa amesikia harufu yake. Alikwenda kunawa kwa sabuni isiyo na harufu, na alipokuwa anajifuta aliandika: *Saa tano na dakika ishirini na tatu. Pua ya mzee ni nzima. Mwizi yupo.* Alifurahi kwa ajili ya mzee. Kisha akakumbuka kwamba kama mwizi yupo, vidole vyote vilikuwa vinamwelekea yule dada.

Alimkuta stoo ya chini, mahali pa baridi na giza jepesi, chupa zimelala kwenye rafu.

"Nieleze ulivyofanya. Usiruke kitu, hata ukiona ni cha kipuuzi."

Dada Mshumaa alivuta pumzi. "Chupa za zamani zinalala hivi miaka na miaka, Inspekta. Zina mashapo ndani. Siku mbili kabla nazisimamisha, mashapo yashuke chini. Leo saa tatu nimezifungua. Nawasha mshumaa nyuma ya shingo ya chupa, namimina kwenye jagi la kioo taratibu, bila kusimama. Natazama mwanga. Nikiona uzi mweusi unakuja begani kwa chupa, naacha hapohapo. Vinabaki kama vidole viwili."

Mikono yake ilikuwa inaonyesha yote hewani, na Mama Saa akagundua kwamba ameacha kuandika. Ilikuwa raha kumtazama mtu anayeijua kazi yake namna ile. Hata akiwa na chupa ya hewa, mkono haukutetemeka.

"Halafu?"

"Saa tatu na nusu majagi yote saba nimeyapandisha chumba cha pembeni, kile ambacho wageni wanaacha mabegi na miavuli. Nimeyafunika kwa visosi. Nikarudi huku kuosha vitu. Saa nne kamili nikapanda kuwamiminia."

"Nusu saa nzima majagi yalikuwa peke yake."

"Sijawahi kuyafungia. Nani angeyagusa? Miaka kumi na moja niko humu. Ukitoka hapa ukasema mimi mwizi, hakuna stoo ya mvinyo itakayonifungulia mlango tena. Na kazi nyingine sijui, Inspekta. Wala sitaki kuijua."

Mama Saa alifungua tena daftari. "Vile vidole viwili vilivyobaki na mashapo, ulivimwaga?"

Dada Mshumaa aliinamisha macho kama aliyefumaniwa. "Wengine wanamwaga. Mimi siwezi. Nachuja kwa kitambaa, napata matone, nayanusa. Pale mezani mimi siketi, mimi namimina tu. Kwa hiyo hayo matone ndiyo yangu."

"Na vitambaa?"

"Nimeanika nje."

Nyuma ya jiko, kwenye kamba, vitambaa saba vilikuwa vimebanwa kwa mpangilio, kila kimoja na mwaka wake kwa kalamu ya risasi kwenye pindo. Mama Saa alisimama mbele yake na mkono kifuani. Doa la kwanza, la tisini na tisa, lilikuwa la zambarau nzito. La pili lilikuwa limepungua ukali. Kila alipopiga hatua zambarau iliondoka kidogo na wekundu wa tofali ukaingia, mpaka la saba, la sabini na mbili, lililobaki na rangi ya chai iliyokaa. Miaka ishirini na saba ilikuwa imeanikwa mbele yake. Hakuhitaji ulimi kuisoma.

"Uzuri ulioje," alisema, na hakuona aibu kusema akiwa kazini. "Huu wa tano je?"

"Wa themanini na tatu. Zabibu za mwaka huo zilichumwa vitani. Wanasema malori yalisubiri mizinga ipumzike ndipo yapite."

"Na bado ukawa hivi." Mama Saa alitikisa kichwa. "Niletee kitambaa kipya. Na hilo jagi la saba."

Alidondosha matone matano, wakakiacha kitambaa juani. Jua lilikuwa kali, dakika kumi zikatosha. Mama Saa alikishika kwa ncha mbili, akaanza kutembea nacho kutoka mwisho wa kamba. Karibu na la sabini na mbili, doa jipya lilionekana jekundu mno. Karibu na la sita, bado. Alipofika kati ya la tano na la nne, rangi zilikaa pamoja.

"Ya miaka ya themanini hii, katikati," alinong'ona Dada Mshumaa, akakinusa. "Ya shamba hilohilo, ila changa."

"Lakini kitambaa cha chupa yenyewe ni rangi ya chai. Maana yake?"

Dada Mshumaa akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Chupa ilikuwa ya kweli. Nilimimina ya kweli."

"Uliimimina. Jagi ndilo lililobadilishwa, kati ya saa tatu na nusu na saa nne. Na mtu aliyebadilisha hawezi kuanika ushahidi wake juani akauandikia na mwaka." Mama Saa alifunga daftari. "Ilikuwa saa ngapi ulipofungua?"

"Ya saba niliifungua mwisho, saa tatu na dakika ishirini." Ghafla aliinuka. "Inspekta, basi ile ya kweli iko mahali! Mvinyo wa umri ule ukishafunguliwa haungoji mtu. Labda mpaka saa saba mchana. Ikizidi sana, saa saba na nusu. Baada ya hapo ni maji mekundu."

Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi.

Mlinzi wa mlango mkubwa alisema waonjaji saba, pamoja na Mzee Ulimi, walifika kwa gari moja saa nne kamili. Wa nane, Profesa, alitangulia, saa tatu na dakika arobaini. Mbali na yeye, aliyeonekana ukumbini muda huo ni Meneja. Mama Saa alianza na Meneja, kwa sababu ncha ya mkono wa shati lake jeupe ilikuwa imekunjwa ndani upande mmoja tu.

"Naomba uukunjue mkono huo."

"Huu? Huu umechanika kidogo."

"Nitakushonea."

Aliukunjua. Palikuwa na doa dogo la duara. Mama Saa alitoa kitambaa cha tisini na tisa mfukoni, akakiweka kando yake. Zambarau kwa zambarau.

Meneja aliyaangalia madoa mawili, jasho likimtoka. "Sikugusa la saba. Naapa. Nimechovya kijiko jagi la kwanza. Kijiko cha chai! Kimoja!"

"Kwa nini?"

"Mama, miaka sita nawasifia wageni vitu hivi. Naimba tu, 'kina, upole, mwisho mrefu.' Sijui ninachosema! Kila siku najiambia watagundua. Leo nikasema acha nijue mwenyewe."

"Ukaonaje?"

Meneja alisahau kuogopa. "Nilikaa chini," alisema. "Kulikuwa na kiti, bahati nzuri."

Mama Saa alijizuia kucheka. Watu wa jengo hili walikuwa wanampa kazi ngumu, maana hakuwa amezoea kuwapenda watuhumiwa. "Ulipotoka chumba cha pembeni ulikutana na nani?"

"Profesa, anaingia kuweka begi. Mkononi ana chupa yake ya chai. Nikamwuliza kulikoni, akasema koo linamwasha, amebeba chai ya tangawizi. Nikasema nimletee kikombe, akakataa."

Mama Saa aliandika neno moja na kulipigia mstari.

Profesa alimpokea kwa adabu zote, akamvutia kiti. Chupa ya chai ilikuwa imesimama karibu na kiwiko chake, ya bati la buluu, kifuniko kimekazwa.

"Mzee ni baba yangu katika kazi hii," alisema. "Vyote ninavyojua nimevipata kwake. Ndiyo maana inaniuma. Umri ni umri, Inspekta, na ile homa haikumwacha salama. Mimi nisingependa dada wa watu aingie matatani kwa sababu mzee amekosea."

"Kwa hiyo unaamini jagi la saba ni lenyewe?"

"Nisingethubutu kumpinga hadharani." Alikohoa, akaipapasa chupa ya chai.

"Pole na koo. Kunywa tu, usinionee haya."

"Baadaye."

"Alisema kabati halijafunguka. Kabati gani?"

Kidole kilichokuwa kinapapasa kikatulia. "Maneno ya wazee hayo. Sijui."

Mama Saa alitazama saa. Ilikuwa saa sita na dakika ishirini na tano. Alisimama, akaomba watu wote waingie chumba cha kuonjea, na Dada Mshumaa pia.

Hakuzunguka. Alitundika vitambaa vinane kwenye migongo ya viti akaeleza kila kimoja, na Mzee Ulimi akainuka kuvitazama kwa karibu, mikono nyuma, kama mtu aliyeingia maktaba. "Miaka hamsini nimekuwa nikimwaga mashapo," alisema. "Binti, kwa nini hukuniambia kuna kitu hiki?"

"Hukuniuliza, mzee wangu," alijibu Dada Mshumaa kwa sauti ndogo.

"Kwa hiyo hakuna chupa iliyoibwa," aliendelea Mama Saa. "Kuna jagi lililomwagwa ndani ya chombo fulani, likajazwa mvinyo wa miaka ya themanini. Meneja amepekua mabegi akitafuta chupa ya mvinyo. Mimi naomba kuuliza swali la mtu asiyejua. Asubuhi ya kuonja, kuna anayekunywa kahawa?"

Wote walitikisa vichwa. "Hata dawa ya meno yenye mnanaa hatugusi," alisema mmoja.

"Nani leo amesikia harufu ya tangawizi humu ndani?"

"Tangawizi?" Mzee Ulimi alikunja uso. "Humu? Ningemtoa mtu kwa shati."

"Nimeamini. Ulinitoa mimi kwa mafuta ya mkono." Mama Saa alimgeukia Profesa. "Mwonjaji mwenye miaka ishirini na nane kazini amebeba chai ya tangawizi asubuhi ya kuonja mvinyo mkongwe. Koo linamwasha, na toka asubuhi hajafungua kifuniko. Kuhusu mvinyo mimi ni mgeni, lakini chai naijua. Naomba unimiminie kikombe."

Profesa hakusogea. Mama Saa aliivuta ile chupa ya buluu, akazungusha kifuniko mara mbili.

Mzee Ulimi alikuwa hatua kumi na moja kutoka pale, amewapa mgongo, bado anatazama vitambaa. Mabega yake yalishtuka. Aligeuka na macho yamefumba.

"Kabati," alisema. "Hilo hapo. Limefunguka."

Profesa mwenyewe alianza, akitazama meza.

"Ile ya themanini nilikuja nayo kwenye chupa ya plastiki ya maji. Nilipoimimina jagini, hiyo ya plastiki nikaisuuza sinkini. Sikutaka kuiba. Mzee angeisifu mbele ya wote, halafu ningefungua hiyo chupa ya chai na kuwamiminia ya kweli. Watu wangeona. Tangu nina miaka ishirini na miwili mimi ni mwanafunzi wa Mzee Ulimi. Nimeandika, nimefundisha, nimezeeka, bado nikiingia mahali wanasema mwanafunzi wa Mzee Ulimi huyo. Na nilijua pua yake imekufa. Kila mtu alijua. Hakuna aliyethubutu kusema."

"Na alipoikataa?" aliuliza Mama Saa.

"Niliogopa."

"Ukamwachia huyu dada mzigo."

Dada Mshumaa alimtazama Profesa moja kwa moja, naye akashindwa kuinua macho.

Mzee Ulimi alitoa daftari dogo mfuko wa ndani wa koti. Jalada lilikuwa limechakaa pembe zote. Alilifungua mahali palipojifungua penyewe, akalisukuma mezani. "Soma. Kwa sauti."

Profesa alitazama ukurasa na uso ukambadilika. Mwandiko ulikuwa wake.

"'Wa sabini na mbili,'" alisoma. "'Begi la shule la ngozi, lililonyeshewa mvua. Tini zilizokauka. Na baada ya kumeza, unaposema kwisha, bibi anafungua kabati lake la mwerezi, na nguo zake zote ziko ndani.'" Alimtazama mzee. "Hili nilikupa siku ya kwanza. Ulisema maneno mengi mno."

"Nilisema hivyo. Nilikuwa na wivu." Mzee Ulimi aliketi. "Ile homa ilinimaliza kweli. Ulijua sawasawa. Miezi minane nisingeweza kutofautisha sabuni na samaki. Mke wangu alinishikia vikopo kila asubuhi, karafuu, maganda ya chungwa, kahawa. Vikarudi kimoja kimoja, ila mvinyo ukakataa. Nikatafuta daftari zangu, zote alama na tarakimu, hazikunionyesha njia. Ndipo nikalipata hili. Nikawa nasoma mstari wako, nanusa glasi, nautafuta. Nimejifunza upya kwa maneno yako, mwanangu. Leo nimeinusa ile, begi lipo, tini zipo, kabati halijafunguka. Ni wewe uliyeniambia kwamba siyo."

Profesa alifunika uso kwa mikono yote miwili.

"Utaandika maelezo kituoni," alisema Mama Saa, na sauti yake haikuwa ya polisi sana. "Lakini sasa ni saa saba kasoro dakika kumi, na nimeambiwa huu haungoji."

Meneja alileta kiti bila kuagizwa, akakiweka pembeni mwa Mzee Ulimi. "Dada," alisema, "nilikukosea mbele za watu, naomba radhi mbele za watu. Keti."

"Kwanza nimimine," alisema Dada Mshumaa.

Aliwasha mshumaa ingawa hapakuwa na mashapo ya kutazama. Akajaza kidogo kidogo, glasi nane, akajiwekea ya tisa. Chupa ya buluu ilikuwa na kiasi cha glasi moja zaidi. Mzee Ulimi alimwangalia Profesa, kisha akamwangalia Dada Mshumaa. "Uliyekosewa ni wewe," alisema. "Amua."

Dada Mshumaa alisimama na chupa mkononi muda ambao mlinzi angeweza kufunga na kufungua lango. Kisha alimmiminia Profesa, mpaka tone la mwisho, mkono umetulia.

"Ukinywa," alimwambia, "ukumbuke aliyekumiminia."

Akaketi mezani, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja, akanywa polepole. Machozi yalimshuka na hakuyafuta. Profesa aliishika glasi yake kwa muda mrefu kabla ya kuifikisha mdomoni. Alipomeza, aliomba kalamu.

Mama Saa aliichukua chupa tupu ya chai, akainama, akanusa. Aliona mlango wa mbao ukifunguliwa polepole, na gauni la mama yake mzazi, ambalo hakuwa amelikumbuka kwa miaka thelathini, likining'inia mbele. Alisubiri mpaka aweze kuona vizuri, ndipo akaandika.

*Saa saba kasoro dakika mbili. Limefunguka.*